Ukuta wa Mwili na Milango Yake

Ye yote aliyepata kufika upande wa Mashamba, karibu na mji wa Kolwezi, ajua rangi za mawe ya huko. Liko jiwe la kijani lenye shaba, liitwalo malakiti. Liko na jiwe jeusi lenye kobalti, liitwalo heterojeniti. Mawe hayo yakichimbwa, yakapondwa na kuchekechwa, hutoa vumbi. Na vumbi halibishi hodi. Hukaa juu ya nywele, juu ya shingo, mikononi na miguuni. Jioni mtu akioga, maji yamtiririka yakiwa na rangi ya machimbo.

Ndipo watu waulizapo: vumbi lile lililokaa juu ya ngozi mchana kutwa, limeingia mwilini au halikuingia? Wako wasemao kwamba ngozi ni kama kitambaa, kila kitu chapenya ndani yake. Wako wengine wasemao kwamba ngozi ni ngao, haipitishi kitu, hata mtu akilala juu ya mawe. Jibu la kweli si la hawa wala la wale. Wanadamu walihitaji miaka mingi kulipata, nalo lina faida kubwa kwa watu waishio katika nchi ya shaba. Maana asiyejua mlango adui aingiapo, atalinda dirisha bure.

NCHI YA SHABA

Kazi ya shaba si ngeni katika nchi hii. Katika makaburi ya kale ya Sanga, kando ya ziwa Kisale mto Lualaba upitapo, wataalamu walichimbua mwaka 1957 na 1958 vitu vingi vya shaba, pamoja na misalaba midogo ambayo watu wa kale waliitumia kama fedha. Shaba hiyo haikutoka katika mashine. Watu walichimba malakiti kwa mikono yao, wakaiyeyusha kwa makaa na mivukuto.

Mwaka 1906 iliundwa kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, na mwaka 1911 tanuru ya Lubumbashi ilitoa shaba yake ya kwanza. Mji wa Kolwezi ulianza kujengwa mnamo mwaka 1937, ukawa makao ya machimbo ya magharibi. Mwaka 1960 kiwanda cha Luilu kilianza kazi ya kusafisha shaba na kobalti. Mwaka 1967 serikali iliyatwaa machimbo, na baadaye kampuni yake ikajulikana kwa jina la Gécamines. Katika siku za Gécamines yalifunguliwa mashimo ya Mashamba Magharibi na Mashamba Mashariki. Mgeni akisikia jina la Mashamba hufikiri ataona mahindi na mihogo. Kumbe atakuta mashimo makubwa yaliyo wazi, ngazi juu ya ngazi, na magari yaliyo chini yaonekana kama wadudu.

Tangu mwaka 2015 Kolwezi ni mji mkuu wa jimbo la Lualaba. Zaidi ya nusu ya kobalti yote ichimbwayo duniani yatoka Congo, nayo yatumika katika betri za simu na za motokaa zitumiazo umeme. Kando ya makampuni makubwa wako maelfu ya wachimbaji wadogo, wafanyao kazi kwa sururu na koleo. Tena wako wanawake, na mara nyingi watoto pia, waoshao mawe hayo mitoni na katika maziwa madogo, nusu ya mwili ikiwa ndani ya maji. Hao ndio ambao swali letu lawahusu kuliko wengine wote.

WAZEE WALIJUA NINI?

Kabla ya kuwasikiliza wataalamu wa Ulaya na Marekani, tuwasikilize kwanza wazee wetu. Mganga wa zamani alipotaka dawa iingie mwilini, hakuipaka tu juu ya ngozi. Alichanja kwanza. Alikata chale ndogo ndogo kwa wembe, kisha akaisugua dawa mle damu ilimotokeza. Kwa nini alijisumbua hivyo? Kwa sababu alijua kwamba dawa iliyopakwa juu ya ngozi nzima, mara nyingi hubaki nje. Hakuwa na hadubini, lakini alijua kwamba pale juu uko ukuta, na kwamba ukuta huo hauna budi kutobolewa.

Lugha yetu yatunza maarifa hayo mpaka leo. Tukimpeleka mtoto apate kinga ya ugonjwa, twasema amepata chanjo, yaani amechanjwa. Na neno hilo lafaa kabisa, maana kinga ya ndui ilitolewa kwa kuikwaruza ngozi. Mwanzoni mwa karne ya 18, huko Boston katika Marekani, alikuwako mtumwa mmoja Mwafrika aitwaye Onesimus. Bwana wake, mchungaji Cotton Mather, alimwuliza kama alipata kuugua ndui. Onesimus alimweleza kwamba kwao Afrika watu huchanja ngozi na kutia humo usaha kidogo wa mgonjwa, na mtu aliyefanyiwa hivyo hauogopi ugonjwa tena. Ndui ilipoushika mji wa Boston mwaka 1721, maarifa hayo yalijaribiwa huko, na wengi wa waliochanjwa wakapona.

Mwaka 1796 mganga Mwingereza Edward Jenner alitumia badala yake usaha wa ndui ya ng'ombe, ambao hatari yake ni ndogo. Naye pia aliikwaruza ngozi ya mkono. Kazi hiyo iliendelea mpaka ndui ikakoma. Katika Congo, ambayo siku hizo iliitwa Zaire, mgonjwa wa mwisho alionekana mwaka 1971. Mwaka 1980 Shirika la Afya la Dunia lilitangaza kwamba ndui imekwisha ulimwenguni. Basi, ugonjwa ulioua watu kwa mamilioni ulishindwa kwa mkwaruzo mdogo katika ukuta wa ngozi.

WATAALAMU WAUTAFUTA UKUTA

Lakini ukuta wenyewe ni upi? Ngozi ina matabaka. Chini yapo mafuta ya mwili. Juu yake ni ngozi ya ndani yenye damu, mishipa ya fahamu na vifuko vya jasho. Na juu kabisa ni ngozi ya nje isiyo na damu. Mtaliano Marcello Malpighi, mmoja wa watu wa kwanza kuichungulia ngozi kwa hadubini, aliandika juu ya matabaka haya mwaka 1665. Upande wa juu kabisa wa ngozi ya nje ni magamba makavu, yaliyokufa, ambayo huanguka kidogo kidogo kila siku. Ndiyo yale meupe tuyaonayo wakati wa kiangazi, mtu asipojipaka mafuta.

Kwa muda mrefu wataalamu wengi waliyadharau magamba hayo. Waliyaona kama takataka, kama majani makavu chini ya mti. Walidhani kwamba kizuizi cha kweli lazima kiwe chini zaidi, mahali palipo na uzima. Mwaka 1944 waganga wawili Wamarekani, Travis Winsor na George Burch, waliupima ukweli wa jambo hilo kwa njia rahisi. Walichukua vipande vya ngozi ya watu waliokwisha kufa, wakapima jinsi maji yapitavyo ndani yake. Maji yalipita polepole sana. Kisha wakasugua upande wa juu kwa msasa, kama fundi asuguavyo ubao, hata yale magamba makavu yakaondoka. Ngozi iliyobaki ilikuwa nene bado, lakini maji sasa yalipita kwa wingi, kana kwamba mlango umefunguliwa. Ikawa dhahiri: lile tabaka lililodharauliwa ndilo lililokuwa likilinda.

Yastahili kustaajabia jambo hili. Sehemu kubwa ya mwili imefunikwa na tabaka la magamba lenye unene wa sehemu moja au mbili tu za mia za milimita moja. Karatasi ya daftari ni nene kuliko hilo. Katika viganja na nyayo ni nene zaidi sana, hata mtu aliyezoea jembe au sururu huweza kushika kaa la moto kitambo kidogo. Nalo halikai vile vile: chini yake ngozi hai yazaa seli mpya, nazo zapanda juu, zakauka, zafa, zafanya kazi ya ulinzi kwa muda wa majuma mawili hivi, kisha zaanguka. Ni kama kijiji ambacho kila nyumba yajengwa upya kabla haijachakaa.

Mwaka 1975 wataalamu wa Marekani, Michaels na wenzake, walieleza umbo la tabaka hilo kwa mfano wa ukuta wa matofali, na miaka iliyofuata daktari Peter Elias aliueneza mfano huo. Sisi wa Katanga, tuliozoea matofali ya kuchoma, twauelewa mara moja. Magamba makavu ndiyo matofali. Na katikati ya matofali uko udongo wa kuyaunganisha, lakini udongo wenyewe ni mafuta maalumu yaliyopangwa safu juu ya safu. Kitu kitakacho kupita hakiwezi kwenda moja kwa moja. Hakina budi kuzunguka tofali hili na tofali lile, siku zote kikipita katika mafuta.

NANI APITA, NANI AZUIWA?

Sasa twaweza kufahamu sheria za ukuta huo. Sheria ya kwanza ni ya ukubwa. Mwaka 2000 wataalamu wawili wa Uholanzi, Bos na Meinardi, walionyesha kwamba vitu ambavyo molekuli zake ni nzito kupita kiasi fulani, yaani zina uzito wa mara 500 hivi kuliko wa chembe moja ya haidrojeni, havipiti katika ngozi nzima kwa kiasi cha maana. Ndiyo sababu mgonjwa wa kisukari hawezi kupakwa insulini kama mafuta. Uzito wake wapita 5,000, naye hana budi kuchomwa sindano.

Sheria ya pili ni ya mafuta. Kitu kidogo kipendacho mafuta hupita kwa urahisi, kwa kuwa njia yenyewe ni ya mafuta. Petroli, dawa nyingi za kuulia wadudu mashambani, na nikotini ya majani mabichi ya tumbako hupita katika ngozi. Wavunaji wa tumbako hushikwa na kichefuchefu na kizunguzungu kwa sababu ya kushika majani yaliyolowa. Hapo ngozi nzima isiyo na jeraha yaweza kumdanganya mtu.

Kinyume chake, chumvi za madini hupenda maji, wala hazipendi mafuta. Chembe ya kobalti ni ndogo. Kwa ukubwa wake ingepita. Lakini ikiyeyuka katika maji au jasho hubeba nguvu ya umeme, nayo mafuta ya ukuta huikataa. Kwa hiyo katika ngozi nzima hupita kidogo tu, tena polepole. Hilo ndilo neno la kwanza kwa mchimbaji wa Mashamba: vumbi la jiwe lililo juu ya mkono wako mzima, sehemu yake kubwa iko nje bado. Maji na sabuni zaweza kuliondoa.

Je, tumemaliza, twende zetu? Hapana. Wako maadui wengine wenye ufunguo wao wenyewe, na iko milango mingine isiyo ya ngozi.

ADUI MWENYE UFUNGUO

Mwaka 1851, katika mji wa Cairo, daktari Mjerumani Theodor Bilharz aliona ndani ya mishipa ya damu ya maiti minyoo myembamba ambayo hakuna aliyekuwa ameieleza kabla yake. Ndiyo minyoo ya kichocho, ugonjwa umtoao mtu damu katika mkojo au katika choo. Kwa zaidi ya miaka 50 waganga walibishana: minyoo hii yaingia kwa mlango gani? Wengi walisema kwa kinywa, pamoja na maji ya kunywa. Basi wakawahimiza watu kuchemsha maji yao, na watu waliochemsha maji waliendelea kuugua.

Huko Japani ugonjwa wa namna hiyo uliwashika wakulima wa mpunga na ng'ombe wao katika bonde la Katayama. Mwaka 1909 Fujinami na Nakamura walifanya jaribio la akili sana. Waliwapeleka ng'ombe wengine majini wakiwa wamefungwa vinywa, wasiweze kunywa wala kula huko. Na wengine waliwakinga ngozi isiguse maji, lakini wakawaacha wapate maji na majani ya mahali pale kwa kinywa. Ng'ombe waliofungwa vinywa waliugua. Wale waliokingwa ngozi walisalimika. Mlango ulikuwa ngozi! Mwaka 1913 Miyairi na Suzuki waligundua konokono ambamo adui huyo akulia, na mwaka 1915 Mwingereza Robert Leiper akayathibitisha mambo hayo huko Misri.

Leo twajua zaidi. Kutoka katika konokono hutoka vijidudu vidogo mno, vyenye mkia uliopasuka ncha mbili. Vikimkuta mtu majini, vyajishikiza katika ngozi yake, vyatoa maji ya kuyeyusha, vyaacha mkia nje na kupenya kwa dakika chache. Tena, kama Shiff na wenzake walivyoonyesha mwaka 1972, mafuta yale yale ya ngozi yazuiayo chumvi za madini ndiyo yavivutavyo vijidudu hivi vipenye. Mlinzi wa lango ndiye amwonyeshaye mwizi njia.

Na safura ni vivyo hivyo. Mwaka 1898, huko Cairo, daktari Arthur Looss alimwagikiwa mkononi na maji yenye viluwiluwi vya minyoo ya safura. Ngozi iliwasha, na baada ya majuma kadhaa akayaona mayai ya minyoo hiyo katika choo chake mwenyewe. Wachimbaji wajue habari hii, maana safura iliwahi kuwamaliza nguvu watu waliotoboa njia ya reli chini ya mlima wa Saint-Gotthard huko Uswisi mnamo mwaka 1880, na wengi katika migodi ya Ulaya. Walifanya kazi peku au kwa viatu vibovu, katika joto na unyevu, mahali pasipo na choo.

Basi, katika kichocho na safura watu walilinda kinywa, na kumbe adui alipita katika ngozi.

MLANGO WA KINYWA

Katika habari ya kobalti, jambo limegeuka. Watu huitazama ngozi, kwa kuwa ndiyo ionekanayo kuchafuka. Na adui apita kinywani na puani.

Mfano mmoja wa nguvu ya kobalti katika kinywa wapatikana mbali na Congo. Katika mji wa Quebec, nchi ya Canada, kiwanda cha pombe kilitia kobalti kidogo katika bia ili povu lidumu. Kati ya mwaka 1965 na 1966 wanywaji wakubwa wa bia hiyo walianza kuugua moyo ghafula, na watu 20 hivi wakafa. Kobalti ilipoondolewa, wagonjwa wapya hawakuonekana tena. Lishe mbaya na pombe nyingi viliwadhoofisha watu wale, lakini kobalti iliyopita kinywani ilikuwa na sehemu yake katika msiba ule.

Turudi kwetu. Mwaka 2009 wataalamu wa chuo kikuu cha Lubumbashi na cha Leuven nchini Ubelgiji, akiwamo profesa Célestin Banza Lubaba Nkulu, walichapisha habari za upimaji wa mkojo wa watu wa Katanga. Waliona kwamba watu waishio karibu na migodi na viwanda, hata wasiofanya kazi humo, walikuwa na kobalti nyingi kuliko yote iliyowahi kuandikwa kwa watu wa kawaida mahali po pote duniani. Mwaka 2014 utafiti mwingine ulipima mboga, unga, samaki, maji na vumbi. Ukaonyesha kwamba kwa watu wazima njia kubwa ni chakula kilichooteshwa au kuvuliwa mahali penye uchafu wa madini. Na kwa watoto, vumbi wanalolimeza lina sehemu kubwa pia.

Mwaka 2018 wataalamu hao waliandika juu ya Kasulo, mtaa wa Kolwezi. Huko, mwaka 2014, watu waligundua kobalti chini ya nyumba zao wenyewe, wakaanza kuchimba uani, hata sebuleni. Wataalamu walipima watu 72 wa mtaa huo, na kati yao watoto 32. Watoto wa Kasulo walionekana kuwa na kobalti mara kumi kuliko watoto wa mahali pengine wasiokaa kando ya mashimo. Watoto hao hawakushika sururu. Walicheza chini, wakatia vidole kinywani, wakala bukari kwa mikono yenye vumbi, wakalala katika nyumba ambamo vumbi lilitanda juu ya kila kitu. Mwaka 2017 sehemu ya Kasulo ilizungushiwa ukuta ikawa mahali pa kuchimba kwa ruhusa, na nyumba zilizokuwamo zikaondolewa.

NYUFA ZA UKUTA

Msomaji asidhani sasa kwamba ngozi haina maana katika kazi ya kobalti. Tulisema kwamba kidogo hupita. Mwaka 1994 wataalamu wa Italia walieleza jinsi watu waliotia mkono katika vumbi lenye kobalti kwa muda mfupi walivyoonekana baadaye na kobalti zaidi katika mkojo wao. Na majaribio mengine ya Italia yameonyesha kwamba jasho husaidia kobalti kuyeyuka, na kwamba ngozi iliyokwaruzwa hupitisha nyingi zaidi kuliko ngozi nzima.

Hicho kidogo chaweza kutosha kuamsha ugonjwa wa ngozi. Chembe ya kobalti ikipenya, hushikamana na protini za mwili, na askari wa mwili huiona kama adui. Mara ya kwanza hujifunza sura yake. Tangu siku hiyo, kila ikigusa, ngozi yawasha, yavimba, yatoa malengelenge na kupasuka. Mwaka 1895 daktari Josef Jadassohn aliwaonyesha wenzake namna ya kulitambua jambo hili: kuweka kiasi kidogo cha kitu kile chini ya kitambaa juu ya ngozi, na kungoja. Njia yake yatumika mpaka leo. Na ngozi iliyopasuka kwa ugonjwa huo si ukuta tena. Ni ua uliobomoka.

Nyufa nyingine hufanywa na sisi wenyewe au na kazi. Jeraha la sururu ni ufa. Maji ya mchana kutwa ni ufa, kwa kuwa matofali ya ngozi hulowa na kuvimba, kama viganja vya mfuaji nguo vionyeshavyo. Asidi ya viwandani huchoma ukuta wote. Saruji nayo ni kali kama chokaa, na hula ngozi ya waashi. Mafundi wengi wa magari hunawa kwa petroli ili grisi itoke: grisi yatoka kweli, lakini petroli huondoa pia mafuta ya ukuta, na yenyewe hupita ndani. Na wako wajipakao madawa makali ya kung'arisha ngozi, mengine yana zebaki. Mtu huyo aubomoa mwenyewe ukuta ambao mwili wake waujenga usiku na mchana.

BASI, TUFANYEJE?

Kwanza, tulinde kinywa cha mtoto kabla ya mengine yote. Mtu atokaye machimboni avue nguo za kazi nje ya nyumba, anawe, ndipo ampakate mtoto. Nguo hizo zifuliwe mbali na za wengine. Magunia ya mawe yasilazwe ndani ya nyumba. Sakafu ipanguswe kwa kitambaa chenye maji, maana ufagio mkavu hulirusha vumbi puani.

Pili, kabla ya kula bukari, maji na sabuni, mpaka chini ya kucha. Lengalenga na sombe zioshwe mara nyingi; na zilizooteshwa kando ya kiwanda au mfereji wa migodi, heri zisiliwe.

Tatu, majeraha yafunikwe kabla ya kazi. Petroli isiwe sabuni. Baada ya kuoga mtu ajipake mafuta, ya mawese au mengine yasiyo na dawa kali, ngozi isipasuke. Katika maji yenye konokono tusisimame bila viatu virefu vya mpira. Na mwenye kuona damu katika mkojo aende hospitali, kwa kuwa kichocho kina dawa.

Lakini tusiseme uongo. Mama aliyeko kando ya shimo hawezi kuzuia kwa sabuni vumbi ambalo malori huliamsha mbele ya mlango wake mchana na usiku. Barabara kunyunyiziwa maji, maji machafu kutomwagwa mitoni, watoto kutolewa machimboni na kurudishwa shuleni, nyumba kutokuwa juu ya mashimo: hayo ni ya makampuni, ya wanunuzi wa kobalti na ya serikali. Wao nao wajue mlango. Wakigawa glavu tu na kuliacha vumbi hewani, watakuwa wamelinda mlango uliokuwa na mlinzi tayari, na kuiacha wazi ile miwili isiyo na mlinzi.